Choo na bafu besimenti: usiunganishe na shimo la pampu lililopo konani

Swali: Shikamoo fundi. Niko St. Paul, Minnesota. Nyumba yetu ni ya miaka ya 1950, ina choo kimoja tu na kiko juu. Mama anakuja kutoka Tanga mwezi wa tisa na goti linamsumbua. Besimenti yetu, yaani ghorofa ya chini iliyozama ardhini, ina mlango wa kutokea uani, kwa hiyo ataingia bila kupanda ngazi, na chumba chake kitakuwa huko. Nataka kumwekea choo, sinki na bafu palepale. Fundi tuliyemwita anasema hakuna haja ya kuvunja sakafu sana: kwenye kona kuna shimo lenye pampu, tuunganishe choo humo na pampu itasukuma. Bei yake ni nafuu. Je, ni sawa? Na kama si sawa, nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na mama apate safari njema. Nianze na lile la haraka kabla hujatoa hela: hapana. Choo kisiunganishwe na shimo hilo, wala sinki, wala bafu. Kama fundi ameshachukua malipo ya awali, afadhali uyapoteze kuliko umwache akate bomba la kwanza.

Shimo hilo ni la maji ya ardhini. Kandokando ya msingi wa nyumba, chini ya udongo, kuna mabomba yenye matundu yanayokusanya maji ya mvua na ya theluji inayoyeyuka, yasije yakausukuma ukuta au kupenya sakafuni. Maji yanaingia shimoni, boya linapanda, pampu inawaka na kuyatupa nje. Toka uende uani, ufuate ukuta wa upande ule. Utaona bomba dogo limechomoza na kumwaga majanini. Ukiunganisha choo humo, kinyesi kitatokea kwenye bomba lilelile, pale wanapocheza watoto. Mfuniko wa shimo lenyewe kwa kawaida haubani hewa, hivyo gesi na harufu vitabaki ndani, hatua chache kutoka kitandani kwa mama. Na pampu hiyo imeundwa kwa ajili ya maji tu. Ikikutana na vitu vigumu, itakwama.

Nimewahi kuitwa kwenye nyumba iliyofanyiwa hivyo. Mwenye nyumba alikuwa mtu mzima mwenye akili zake, aliyeamini aliyoambiwa. Waliogundua kwanza ni majirani, theluji ilipoyeyuka mwezi wa nne. Tulilazimika kung'oa mabomba yote mapya, kusafisha shimo, kuondoa udongo wa uani, kisha ndipo tukaanza kazi aliyokuwa ameilipia tayari. Sitaki yakukute hayo.

Sasa, uanzie wapi. Wengi huanza na marumaru, kioo na rangi. Wewe anza na njia ya maji taka, kwa sababu ndiyo itakayoamua choo kikae wapi, kazi ichukue muda gani na ugharimike kiasi gani. Maji safi ni kazi nyepesi, maana yana presha, na bomba la nusu inchi unalipitisha unapotaka. Maji taka hayana cha kuyasukuma ila mteremko.

Kwetu nyumbani fundi bomba hahangaiki sana na hili. Nyumba imekaa juu ya ardhi, chemba iko nje na chini kuliko choo, karo liko chini zaidi, na maji yanashuka yenyewe. Minnesota nyumba imezamishwa ardhini kwa sababu ya baridi. Udongo ukiganda unavimba na kuuinua msingi, hivyo sheria ya ujenzi ya eneo lenu inataka msingi ushuke angalau inchi 42. Mtu akishachimba kina hicho, anaona heri aongeze kidogo apate ghorofa nzima ya chini. Ndiyo besimenti hiyo. Matokeo yake, sakafu unayotaka kuiwekea choo huenda iko chini kuliko bomba linalokwenda barabarani. Kwenye nyumba yenu ni lazima tulitazame hilo kwa makini zaidi, kwa vile mlango ule wa uani unaonyesha kuwa kiwanja kinateremkia huko, na barabara huenda iko upande wa juu.

Mteremko hauna mjadala. Chicago ilipoanza kujenga mifumo ya maji taka miaka ya 1850, mhandisi Ellis Chesbrough alikuta mji ni tambarare mno na uko karibu usawa mmoja na ziwa, kiasi kwamba mabomba yasingepata mwinamo. Kwa hiyo mabomba yakalazwa juu, barabara zikajazwa udongo na kupandishwa, na majengo, hata ya matofali, yakainuliwa kwa jeki. Mji mzima ulinyanyuliwa ili maji machafu yaweze kuteremka. Wewe unahitaji kujua inchi zako chache tu.

Zitafute hivi. Nenda ukuta wa mbele wa besimenti, upande wa barabara, ukatafute bomba kuu. Nyumba za umri huo huwa na bomba nene jeusi la chuma cha kusubu linaloshuka kutoka juu. Ama linaingia sakafuni, ama linapinda na kutokea ukutani. Likitokea ukutani juu ya sakafu, jibu umeshalipata: bila pampu choo hakiwezekani. Likizama sakafuni, karibu yake utakuta kizibo cha chuma au shaba. Kifungue polepole, umesimama kando. Kikianza kuvuja hata kabla hujamaliza kukifungua, kirudishe, kwa maana bomba limeziba mbele na kuna maji yanasubiri. Kikifunguka vizuri, teremsha futi ya chuma mpaka iguse chini ya bomba na usome kina kuanzia usawa wa sakafu. Andika. Halafu pima umbali kutoka pale hadi choo kitakapokaa, ukifuata njia bomba litakayopita, si njia ya mkato ya macho. Andika na huo.

Hesabu yenyewe ni hii. Bomba la maji taka linateremka robo inchi kwa kila futi moja. Tuseme choo kiko futi 14 kutoka bomba kuu: unahitaji inchi 3 na nusu za mteremko. Chini ya choo chenyewe kuna unene wa zege, kwa kawaida inchi 4 hivi, kisha kona ya bomba na bomba lenyewe la inchi 3. Kwa hiyo sehemu ya chini ya bomba pale chooni itakuwa kama inchi 10 au 11 chini ya uso wa sakafu. Ongeza zile 3 na nusu: unafika kwenye bomba kuu ukiwa na inchi 14 au 15. Kama futi yako ilisoma inchi 18, hongera, maji yatashuka yenyewe. Ikisoma inchi 9, hayashuki, hata fundi akuapie.

Kabla ya hayo yote, tazama sakafu vizuri. Wajenzi wengine walimwachia mwenye nyumba mabomba tayari kwa bafu la baadaye: bomba la inchi 3 au 4 limechomoza sakafuni likiwa na kifuniko, jingine la inchi 2 karibu na ukuta, na pengine kisanduku cha mraba kilichojazwa changarawe pale palipokusudiwa bafu. Watu hupanga maboksi juu yake miaka ishirini bila kujua ni nini. Ukivikuta, umeokoa nusu ya kazi.

Kama inchi zinatosha, kazi ni kukata zege. Chora njia kwa chaki, upana wa kama futi 2, ili mtu aweze kuingiza mikono na koleo. Sakafu ikatwe kwa msumeno wa umeme unaomwagiwa maji. Hapa nasema kwa sauti kubwa: msumeno wa petroli usiwashwe besimenti hata kwa dakika tano, hata mlango ule wa uani ukiwa wazi. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, na imeua mafundi wazoefu. Vumbi la zege nalo linaharibu mapafu, kwa hiyo barakoa nzuri, maji, na matundu ya tanuru la kupashia nyumba joto yazibwe, lisije likasambaza vumbi vyumba vyote. Mtaro usisogee chini ya msingi. Ukichimba karibu na ukuta na kwenda chini kuliko msingi, udongo unaoubeba ukuta utakimbilia shimoni.

Bomba linalala juu ya udongo ulioshindiliwa au mchanga, bila mawe. Kuhusu mwinamo, nakufundisha kitu nilichofundishwa na mjomba aliyenipa kazi hii. Chukua pimamaji ya futi 2. Bandika kipande cha mbao chenye unene wa nusu inchi chini ya ncha moja kwa utepe. Iweke juu ya bomba, ncha yenye mbao ikielekea maji yanakokwenda. Kipovu kikikaa katikati, mwinamo wako ni robo inchi kwa futi, sawasawa. Pima kila baada ya futi mbili, mpaka mwisho. Fundi akiangalia kwa jicho, bomba litapata tumbo mahali fulani. Tumbo hilo litakusanya uchafu, na miaka miwili mbele utapasua marumaru ya mama kulitafuta. Simama hapo na uangalie kipovu wewe mwenyewe. Nyumba ni yako.

Bomba la choo liwe inchi 3. La bafu inchi 2. La sinki linaruhusiwa kuwa dogo, lakini hapo nakushauri inchi 2, sababu nitaieleza kwenye hewa. Pale plastiki inapokutana na chuma cha zamani, waweke kiunganishi cha mpira chenye mkanda wa chuma kisichoshika kutu kuzunguka chote. Na kabla ya kukata lolote, lipia kamera ipite kwenye bomba kuu hadi barabarani. Nyumba nyingi za umri wa yenu zina mabomba ya udongo wa kuchoma huko nje, na mizizi ya miti hupenda viungo vyake. Hakuna maana ya kumjengea mama choo kizuri kwenye bomba lililokwisha.

Kama inchi hazitoshi, utahitaji pampu, ila siyo ile ya kona. Ni pampu ya maji taka, na inakuwa na tangi lake. Wanachimba shimo sakafuni, wanazamisha tangi la plastiki, mara nyingi lenye upana wa inchi 18 na kina cha inchi 30. Choo, sinki na bafu vyote vinateremkia humo kwa mwinamo uleule wa robo inchi. Boya likipanda, pampu inasukuma uchafu juu kupitia bomba la inchi 2 hadi kwenye bomba kuu, kule juu linakopita. Uliza mambo haya kwa majina yake. Je, pampu inapitisha vitu vigumu vya kipenyo cha inchi 2? Je, kuna valvu ya kuzuia uchafu usirudi, na juu yake valvu ya kufungia, ili pampu ikifa mtu aweze kuitoa bila kuogeshwa? Mfuniko umefungwa kwa boliti na mpira usiopitisha hewa? Tangi lina bomba lake la hewa linalokwenda nje? Fundi akijibu moja kwa kusitasita, subiri. Ongeza king'ora kidogo cha kukujulisha tangi likijaa kupita kiasi. Bei yake si kitu ukilinganisha na usafi wa sakafu. Na mwambie mama mapema: umeme ukikatika, choo cha chini hakitumiki, maana kinachojaa hakina pa kwenda.

Kuna njia ya tatu, choo chenye mashine ya kusaga nyuma yake. Inayojulikana zaidi ni Saniflo ya Ufaransa. Hukati zege: mashine inakaa juu ya sakafu, inasaga na kusukuma kwa bomba jembamba. Ni kifaa cha kweli na kwa nyumba nyingine kinafaa. Kwa mama yako mimi nasita. Kinanguruma kila ukivuta maji, hata saa nane za usiku, na hakivumilii kitu chochote zaidi ya kinyesi na karatasi ya choo. Kitambaa kimoja chenye unyevu, au pamba, kikiingia, mashine inakwama, na kuifungua si kazi ya furaha. Mgeni na wajukuu hawawezi kukumbuka masharti hayo kila siku.

Sasa hewa. Hapa ndipo kazi nyingi za besimenti huharibikia, kwa sababu kosa lake halionekani siku ya kukabidhiwa. Chini ya kila sinki, na ndani ya choo chenyewe, kuna maji yaliyobaki kwenye kona ya bomba. Maji hayo machache ndiyo mlango unaozuia gesi ya mtaroni isiingie ndani. Choo kikivutwa, maji mengi yanashuka kwa kasi na kuvuta hewa nyuma yake. Kama hakuna bomba la hewa, yanavuta yale maji ya kwenye kona ya sinki au bafu. Utasikia glu-glu-glu kwenye bafu kila mtu anapovuta choo. Hiyo ndiyo sauti ya mlango unaofunguliwa. Baada ya hapo harufu inaanza, watu wanamwaga dawa na kuwasha udi, na tatizo linabaki palepale.

Bomba la hewa linapanda mpaka juu ya paa, au linaungana na bomba la hewa la zamani. Hapa angalia: liungane na bomba linalopitisha hewa tu, juu ya masinki, vyoo na mabafu yote ya ghorofa ya juu. Nimeona mafundi wakiliunganisha na bomba la karibu linaloshusha maji ya jikoni, wakaliita la hewa. Maji ya vyombo yakishuka, hewa inakatika. Sasa ile sababu ya inchi 2 kwenye sinki: bomba la sinki likiwa inchi 2, na likapanda wima hadi juu kama bomba la hewa, linaweza kukipa hewa choo na bafu vya chumba kilekile, bila kutoboa ukuta mara tatu. Mpangilio wake una masharti ya umbali na mkao, kwa hiyo mwambie fundi akuchoree kwenye karatasi kabla hajakata, na mchoro huo ndio utakaoonyeshwa mkaguzi. Madukani utaona vifuniko vidogo vinavyoingiza hewa ndani ya nyumba bila kwenda paani. Majimbo mengine yanavikubali. Minnesota usivitegemee.

Kuna valvu moja ambayo haitajwi mpaka maafa yatokee, nayo ni ya kuzuia maji ya barabarani kurudi nyumbani. Bomba la barabarani likizidiwa au kuziba, maji taka yanatafuta tundu la chini kuliko yote, na tundu hilo sasa litakuwa choo cha mama. Valvu hiyo ina mlango unaofunguka upande mmoja tu. Iwekwe kwenye tawi la besimenti peke yake. Ikiwekwa kwenye bomba zima la nyumba, siku itakapojifunga ninyi mkiwa mnaoga juu, maji yenu wenyewe yatakosa njia na kufurikia chini. Juu yake kuwe na kifuniko kinachofunguka, ili isafishwe angalau mara moja kwa mwaka.

Nije kwa mama mwenyewe, maana kazi yote ni kwa ajili yake. Kisheria choo kinahitaji inchi 15 kutoka katikati yake hadi ukuta wa pembeni, na inchi 24 za wazi mbele. Wewe mpe 18 pembeni, ili mkono wake upate nafasi kwenye mshikio. Mshikio usifungwe kwenye jipsamu tupu, utang'oka naye. Kabla ukuta haujafunikwa, pigilia mbao nene ndani yake, kwenye urefu wa inchi 33 hadi 36 kutoka sakafuni, pande zote utakazohitaji. Piga picha ukuta ukiwa wazi, utajua mbao ziko wapi. Nunua choo kirefu, ambacho kikalio chake kiko inchi 17 hadi 19 kutoka sakafuni. Goti bovu linakijua kilicho kifupi.

Bafu nalo lisiwe na kizingiti. Kama zege limevunjwa tayari, hii ndiyo nafasi yako: sehemu ya bafu ishushwe kidogo, iinamie kwenye tundu la maji, na mama aingie kama anavyoingia chumbani. Kwenye bafu lililowekwa juu ya zege zima haiwezekani kirahisi, na ndiyo maana naipenda njia ya kukata ingawa ina vumbi. Valvu ya bafu iwe ya kuchanganya maji yenyewe, ikiwekewa kikomo kisichozidi nyuzi 120 za Fahrenheit, yaani 49 za Selsiasi. Ngozi ya mzee huungua haraka.

Najua utataka mpira wa kujisafishia chooni. Mama hawezi kuishi na karatasi, na hapaswi kulazimishwa. Weka, lakini kwa mambo matatu. Kwanza, uwe na kifaa cha kuzuia maji yasirudi kwenye bomba la maji ya kunywa, kwa sababu ncha ya mpira inaweza kudondokea ndani ya choo, mkaguzi atauliza. Pili, kuwe na valvu ukutani, na ifungwe kila baada ya kutumia. Mpira ulioachwa na presha usiku kucha siku moja hupasuka, na besimenti hujaa maji watu wakiwa wamelala. Tatu, maji ya bomba ya Minnesota mwezi wa kwanza yanauma kama barafu. Chukua aina inayochanganya maji ya moto na ya baridi. Gharama inaongezeka kidogo, na mama atakuombea dua kila alfajiri anapotia udhu.

Mabomba yasikusahaulishe hewa ya chumba chenyewe. Feni ya bafu iwe na uwezo wa futi za ujazo 50 kwa dakika, na itoe hewa nje ya nyumba, siyo darini. Kama hita yenu ya maji ni ya gesi na ya zamani, ile inayopandisha moshi wenyewe kwenye bomba la dari, mwambie fundi apime feni ikiwa imewashwa na milango imefungwa, kwa sababu feni inaweza kuuvuta moshi urudi chini. Kipo kipimo cha mkono cha kazi hiyo. Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha kaboni monoksaidi ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala, na chumba cha mama kimo. Chumba hicho kiwe pia na njia yake ya kutokea moto ukizuka: ama mlango wa nje uwe chumbani humo, ama dirisha lenye uwazi wa futi za mraba 5.7, ambalo kizingiti chake hakizidi inchi 44 kutoka sakafuni.

Na redoni. Ni gesi ya ardhini, haionekani, na ukiivuta miaka mingi inaleta saratani ya mapafu. Idara ya afya ya Minnesota inasema karibu nyumba 2 katika kila 5 za jimbo hilo zina kiwango kinachohitaji kushughulikiwa, yaani pikokuri 4 (kipimo cha mionzi ya gesi hiyo) kwa lita ya hewa au zaidi. Pima kabla ya kazi na baada yake. Kila ufa kati ya zege la zamani na jipya uzibwe, na ulizie kulaza bomba la kuitolea gesi hiyo nje wakati mtaro bado uko wazi.

Kibali kichukuliwe mjini kabla ya msumeno kuwaka. Watu wanaogopa mkaguzi, na mimi nasema yeye ndiye mtu pekee atakayeingia nyumbani kwako bila kukuuzia kitu. Atakuja mabomba ya chini yakiwa bado wazi, yamejazwa hewa ya paundi 5 kwa inchi ya mraba, na sindano ya kipimo haitakiwi kushuka kwa dakika 15. Kaa naye, itazame sindano hiyo. Fundi akitaka kumwaga zege kabla ya saini ya mkaguzi, hata akisema lori limeshafika, mzuie. Atakuja tena kuta zikiwa wazi, na mara ya mwisho kila kitu kikiwa kimekamilika.

Mwezi wa tisa si mbali, kwa hiyo Jumamosi hii fungua kile kizibo. Niandikie namba mbili, kina cha bomba na umbali hadi choo, na unitumie picha ya ukuta wa mbele kuanzia dari hadi sakafu. Nikizipata nitakuambia kama ni mtaro au ni tangi la pampu, na maswali gani umuulize fundi utakayemwita badala ya yule.